Mtaalamu wa Kondomu Alivyoikana Mimba Yake

Nina miaka ishirini na sita, ni mama wa mtoto mmoja wa kike, sijaolewa, na nauza mafuta ya mise katika magulio ya huku kwetu Kasulu na Buhigwe. Niseme mapema kwamba sikuja hapa kuomba huruma. Huruma nimepewa ya kutosha, na nyingine ilikuwa ya kinafiki. Nimekuja kutapika kitu kilichonikaa kooni tangu mwaka 2013... na naomba mnivumilie, kwa maana baadhi ya nitakayosema yananuka.

Mnaoishi mikoa mingine huenda hamyajui mafuta ya mise. Yanatoka kwenye kokwa la mchikichi. Kokwa hupasuliwa, kiini hukaangwa, hutwangwa na kuchemshwa mpaka mafuta meusimeusi yenye harufu nzito yapande juu. Sisi tunajipaka mwilini, tunapaka watoto wachanga, tunapaka nywele, tunatengenezea sabuni. Baba yangu amebeba madumu ya mafuta kwa baiskeli tangu ujana wake, na ada yangu ya shule ilitoka humo.

Nimezaliwa ndani ya harufu hiyo. Lakini leo ikinipata asubuhi kabla sijanywa chai, nasikia kichefuchefu. Ninaiuza kwa sababu mtoto lazima ale.

Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Nililelewa na baba pamoja na dada yake, Shangazi Skola. Baba hakuoa tena. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na watu walipomshauri atafute mke alisema ana binti, binti anamtosha. Nilikua nikilisikia neno hilo. Mtajua baadaye kwa nini nalitaja.

Mwaka 2012 nilikuwa na meza yangu sokoni Kasulu mjini. Hapo ndipo nilipomfahamu mwanaume nitakayemwita Erasto, ingawa jina lake silo. Alikuwa mtu wa kuja, ameajiriwa na mradi mmoja wa uzazi wa mpango, na makazi yake yalikuwa Kibondo. Kazi yake ilikuwa kuzunguka kwa pikipiki kijiji hadi kijiji, kutoka Kasanda kule Kakonko mpaka huku kwetu, akifundisha watu matumizi ya kondomu. Alitembea na begi lenye maboksi ya kondomu na sanamu ya uume iliyochongwa kwa mti. Vijana walimbatiza Bwana Mipira. Hakuchukia hata kidogo... alicheka nao.

Siku ya kwanza alikuja mezani kwangu amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Akaniambia barabara zetu zimemuua mgongo, na kwamba kuna mtu amemwelekeza mafuta ya mise.

"Eti kweli yanaondoa maumivu, dada?"

"Yanaondoa," nikamjibu, "ila upate wa kukukanda anayejua."

Nilikuwa namtania. Wauzaji wote wa sokoni hutania wateja, ndiyo biashara yenyewe. Utani ule ndio uliozaa yote haya.

Akawa mteja. Kisha akawa mteja anayekaa. Kisha akaanza kuja nyumbani. Alijifunza Kiha cha kuokoteza, akawa anamsalimia baba "Mwakeye", salamu ya asubuhi, hata kama jua linazama, na baba anacheka mpaka anashika mbavu. Baba yangu kucheka! Nilimpenda Erasto nusu kwa ajili ya hilo. Baba alimwita mtaalamu. Akija, kuku anachinjwa. Akiondoka, baba anabaki akituambia mimi na shangazi jinsi kijana yule alivyoelimika, jinsi anavyosimama mbele ya umati bila kutetemeka. Erasto mwenyewe akasema anatafuta mshenga, taratibu zianze.

Msinihukumu kabla sijamaliza. Nilikuwa mtu mzima, nilikuwa na mchumba anayejulikana nyumbani, na nilikwenda Kibondo kumtembelea. Nilimwambia wazi kwamba naogopa mimba, kwa maana baba ni mzee wa kanisa na nikizalia nyumbani nitakuwa nimemvua nguo. Alicheka sana.

"Unaogopa mimba kwa mtu anayeifundisha wilaya nzima namna ya kuizuia?"

Nilimwamini. Ningeachaje kumwamini? Mtu ukiwa na fundi seremala ndani ya nyumba, utaogopa kiti kuvunjika?

Na sitamsingizia. Kondomu aliitumia kila mara, hakuna siku aliyoacha. Ila kila mara pia kilikuwepo kichupa changu. Kwanza nilimkanda mgongo kwa mise mpaka mikono yetu yote ikaloa. Halafu yeye alikuwa na desturi yake... alichovya vidole kwenye kichupa na kuipaka kondomu yenyewe, akisema inapunguza ukavu. Nilimuuliza kama haina neno. Akanijibu, "Wewe uza mafuta, haya mengine niachie mimi."

Kuna siku niliiona imechanika pembeni. Niliiona kwa macho yangu. Aliiviringisha haraka kwenye karatasi, akasema imechanika wakati wa kuivua, nisiwe na wasiwasi kama mtoto. Nikanyamaza. Mtaalamu ameshasema, mimi muuza mafuta niseme nini?

Mwaka 2013, wakati wa kuvuna maharage, siku zangu zikapita bila kitu. Nikasubiri. Nikaanza kuchukia harufu ya meza yangu mwenyewe. Shangazi Skola alinitazama namna ninavyotema mate, akaweka ungo chini, akaniuliza swali moja tu. Sikuwa na la kuficha. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa tayari nimebeba.

Nilimpigia Erasto simu nikidhani atashtuka kidogo kisha atasema tuharakishe taratibu. Akasema, "Haiwezekani." Nikarudia. Naye akarudia, haiwezekani, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo. Akakata.

Kwetu msichana akipata mimba nyumbani hupelekwa kwa mwenye mimba, akamtaje mbele ya watu. Kazi hiyo ni ya shangazi na mtu mzima mwingine wa ukoo, baba mzazi hubaki nyumbani kulinda heshima yake. Lakini baba yangu alishikilia kwenda. Alikasirika, ndiyo, ila hasira yake ilikuwa ya mtu anayejua jambo litaisha vizuri. Alisema Erasto ni mtu mwelewa, kwamba tutakunywa soda, atapewa onyo, tutapanga siku ya ndoa. Akavaa koti lake la kanisani, lile analovaa Krismasi, tukapanda basi kwenda Kibondo.



Erasto alitupokea kwa adabu. Soda zilikuwepo kweli. Shangazi akajikohoza, akasema yale yanayosemwa, kwamba mtoto wetu amelemewa na mzigo, na mzigo anasema ni wa nyumba hii. Erasto alisikiliza akiitikia kwa kichwa kama yuko semina. Shangazi alipomaliza, akasimama, akaingia chumbani, akarudi na lile begi.

Wasomaji wenzangu, mwanaume yule alitoa ile sanamu ya uume akaisimamisha mezani. Mbele ya baba yangu. Karibu na chupa yake ya soda!

Mnielewe. Kwetu baba hata akijua binti yake anaumwa tumbo la mwezi, anajifanya hajui. Kuna maneno ambayo baba na binti hawayasikii wakiwa chumba kimoja. Baba yangu alitazama ukutani. Niliona shingo yake ikimcheza. Shangazi alijifunika kanga usoni. Na yule mtu akaendelea, kwa sauti ileile ya mikutano, akafungua kondomu, akaivuta ionekane ilivyo imara, kisha akachukua jagi akaijaza maji mpaka ikaning'inia kama kiwele cha mbuzi. Akaifunga. Akaizungusha juu ya meza, kila upande.

"Mzee, unaliona tone hata moja? Hii ndiyo ninayoitumia mimi siku zote. Mwenyewe yupo hapa, muulizeni."

Baba alinigeukia. Ni mara ya kwanza na ya mwisho kuniuliza jambo kama hilo maishani, na aliniuliza akitazama viatu vyangu.

"Ni kweli aliitumia?"

Ningeweza kusema uongo. Ningesema siku fulani hakuitumia, na mambo yangekuwa mengine. Lakini mimi ni mtoto wa mzee wa kanisa... nikasema ndiyo, ni kweli, aliitumia kila mara.

Basi. Ukweli wangu ndio ulionihukumu. Erasto akaipasua ile kondomu juu ya beseni, maji yakamwagika, akanawa mikono kama aliyemaliza kuchinja. Akasema hana kinyongo na familia yetu, ila mwenye mimba atafutwe huko magulioni, maana wauza mafuta wanazunguka sana na wengine hulala njiani.

"Mana yanje," Shangazi Skola alimwita Mungu wake, akapiga makofi mara moja, akabaki ameshika viganja vyake.

Baba aliisogeza soda yake ambayo hajaimaliza, akafunga vifungo vya koti, akatoka. Njia nzima kutoka Kibondo mpaka Kasulu alikaa kiti cha mbele, mimi na shangazi nyuma. Hakugeuka hata mara moja.

Nani angemlaumu? Mbele yake kulikuwa na mtaalamu mwenye vifaa, na binti ambaye mwenyewe amekiri. Akamwamini mtaalamu.

Baba hakunifukuza. Wengi wangeona hiyo ni nafuu, lakini ningependa kufukuzwa. Aliacha kula chakula nilichopika. Nikipika mimi, anasema ameshiba. Akipika shangazi, anakula. Alijiuzulu uzee wa kanisa kabla hajaombwa, akawa anakaa mabenchi ya nyuma karibu na mlango, yeye aliyezoea kukaa mbele. Jumapili alitoka kabla ya wimbo wa mwisho ili asisalimiane na watu. Nilimwona anazeeka kwa macho, na kila mvi niliihesabu kuwa yangu.

Sokoni nako... msiniulize. Habari ilifika kabla yangu. Walionunua mafuta kwangu miaka yote wakaanza kuniuliza kwa kicheko kwamba ya Erasto haivuji, je, iliyovuja ni ya nani? Kuna mwanaume mmoja mwenye wajukuu alikuja kuniambia polepole kwamba yeye hatumii kabisa, hivyo nisihangaike. Nilimmwagia maji ya kuoshea vibuyu. Kinyaa nilichokuwa nacho siku hizo sijawahi kukipata mahali pengine. Niliwaona wanaume wote wana mikono yenye mafuta.

Mwanangu alizaliwa mwanzoni mwa mwaka 2014. Nilipotoka hospitali, shangazi alimfunua mtoto mbele ya baba, kwa sababu kwetu jina la mtoto aliyezaliwa bila ndoa hutolewa na babu. Baba alitazama kidogo, akasema ana safari, akachukua baiskeli yake. Hakutoa jina. Tukangoja. Mwezi ukapita, na mwingine. Akitaka kuuliza habari zake alimuuliza shangazi, "Yule mgeni amelala?"

Mgeni! Mtoto wa damu yake, anayelala chini ya bati lake. Nilipomsikia akisema hivyo niliingia jikoni nikalia moshini, ili mtu akiniona aseme ni moshi.

Siku mtoto aliposhikwa na malaria, nilimeza fahari yangu nikampigia Erasto. Sikumwomba kitu, nilitaka ajue tu, maana nilifikiri mtoto anaweza kufa bila baba yake kumwona. Alinijibu kwa upole kabisa. "Mpelekee baba yake," akasema. Upole ule ndio ulionichefua. Angenitukana ningemsahau mapema.

Mji wa Kasulu ukanishinda. Nikahamishia biashara kwenye gulio la Muyama, ambako si wengi walionijua. Baba alikuwa akipeleka huko madumu ya akina mama kadhaa kwa baiskeli, na la kwangu likiwa miongoni mwayo. Aliyafunga kwa mipira ya tyubu kuukuu, akayafikisha, akalishusha la kwangu mwisho na kuliweka mbali kidogo na meza ili asilazimike kunisemesha. Ndivyo tulivyoishi, baba na binti anayemtosha.

Mwishoni mwa mwaka huo, siku ya gulio, likaja gari la mradi na spika. Sikujishughulisha. Nilikuwa nampimia mteja, mtoto yuko mgongoni, mara nikaisikia ile sauti. Alikuwa amesimama juu ya kreti, amenenepa, begi lilelile pembeni. Hakuniona, umati ulikuwa kati yetu. Nadhani alijua niko Kasulu mjini, au labda alikuwa ameshasahau kwamba nipo duniani.

Nilitaka kufunga meza nikimbie. Sijui nini kilinizuia. Nikabaki nikimsikiliza, na kwa haki ya Mungu niseme anafundisha vizuri. Aliwaambia watu wasiziweke kondomu kwenye pochi wala juani, wasizifungue kwa meno, waangalie tarehe, wasivae mbili kwa pamoja. Watu wakasikiliza. Kisha akasema kuna kosa moja ambalo watu wa Kigoma wanalifanya kuliko wengine wote.

"Mafuta!" akasema. "Mise, mawese, mafuta ya mgando, losheni. Yote hayo ni adui. Mafuta yanaula mpira. Nani ana mise hapa niwaonyeshe?"

Wanawake wakageuka kunitazama. Meza ya karibu ilikuwa ya kwangu. Mtu akachukua kichupa changu, kikapita mkono kwa mkono juu ya vichwa mpaka kikamfikia. Kichupa changu mwenyewe! Akachovya vidole... vidole vilevile, namna ileile.

Alipuliza kondomu ikawa puto, akaifunga, akaipaka mise huku anazungumza. Akaendelea kuzungumza, puto likiwa mkononi, likimetameta juani. Watu wanangoja. Ghafla likapasuka, paa, akina mama wakaruka, kisha gulio zima likaangua kicheko.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Na msije mkasema hamkuambiwa. Hili nimelisema Kibondo, nimelisema Kasanda, nimelisema kila nilipopita tangu siku ya kwanza ya kazi yangu."

Tangu siku ya kwanza ya kazi yake.

Alijua. Alipokuwa akichovya kwenye kichupa changu kule Kibondo, alijua. Alipoviringisha ile iliyochanika kwenye karatasi, alijua. Na alipoizungusha ile ya maji juu ya soda ya baba yangu, hakukuwa na mtu katika wilaya zote hizi aliyejua vizuri kuliko yeye kilichotokea! Mimi nilidhani nimeachwa na mtu aliyekosea kwa dhati, mtu aliyeamini kweli kwamba nimemsaliti. Zaidi ya mwaka nilikuwa namtafutia udhuru. Nikatema mate chini, sikuweza kuyameza.

Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka nimesimama chini ya kreti na kusema, "Mwalimu, nina swali."

Aliniangalia. Akaangalia mgongoni kwangu. Spika ilikuwa bado inawaka, nasi tukamsikia akimeza mate.

"Mtu anayejua yote hayo," nikasema, "kisha anaipaka mise kwa mkono wake mwenyewe, mimba ikiingia ni ya nani?"

Kicheko kikakatika. Erasto akasema mambo binafsi tutayazungumza pembeni, dada.

"Baba yangu hukumpeleka pembeni," nikamwambia. "Ulimwekea mezani. Ile kondomu uliyomwonyesha uliitia maji. Mbona siku ile hukuitia mafuta?"

Gulio halikuhitaji kuelezwa zaidi, watu wa huku mafuta tunayajua na wanaume tunawajua. Bibi mmoja muuza ndizi akatema mate upande wake, akasema kwa Kiha neno ambalo siwezi kuliandika. Wenzake kwenye gari wakaanza kukunja nyaya bila kuambiwa.

Ndipo watu wakapisha njia. Baba alikuwa anakuja. Sikujua kama yupo. Alikuwa nyuma akishusha madumu. Nilijiandaa kupigwa kibao, kwa maana nilikuwa nimetamka mbele ya umma yale ambayo baba na binti hawayasikii pamoja. Hakunigusa. Alisimama mbele ya kreti, mikono imelowa mafuta, akamuuliza Erasto bila kupandisha sauti.

"Siku ile ulijua?"

Erasto akajipangusa vidole kwenye suruali yake, upande mmoja kisha upande wa pili. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Baba aligeuka akanitazama mimi. Usoni, si viatuni.

"Mwana wanje," akasema, "miye nafunga madumu kwa mpira wa tyubu tangu ujana. Ukidondokewa mafuta unavimba, unakatika, dumu linaanguka. Hilo nalijua kuliko jina langu. Siku ile sikujiuliza kabisa. Yeye alikuwa na begi, nikaona anajua yeye."

Nami nilijua, wasomaji. Ni mimi niliyekuwa nikitupa mipira ya kufungia vichupa kila wiki kwa sababu inalainika na kukatika. Niliiona kwa macho, niliishika kwa mikono, na bado sikuoanisha. Mtu mwenye begi alikuwa ameniambia nimwachie yeye.

"Mfungue huyo mwana," baba akasema. "Nipe."

Nikafungua mbeleko, nikampa. Alimshika vibaya, kama mtu anayebeba kitu cha kioo, mafuta yake yote yakahamia kwenye nguo za mtoto. Mtoto akamshika ndevu. Baba yangu akalia pale gulioni, mwanaume mzima, watu wakimtazama, wala hakujifuta.

Jioni ile alikula ugali niliousonga mimi. Alimaliza, akaomba kuongezewa.

Erasto alinipigia baada ya siku chache. Kumbe kwenye gari siku ile alikuwepo mkubwa wake. Sasa akawa na sauti nyingine, sauti ya kubembeleza. Akasema tuyamalize kifamilia, atamtunza mtoto, atafanya lolote, ila kwanza nimwambie mkubwa wake kwamba nilichanganyikiwa na nikamfananisha na mtu mwingine. Mnasikia hilo? Alitaka nimnunulie mwanangu baba kwa uongo! Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikakata simu, nikatoka nje nikatapika kweli, mimi mtu mzima. Nasikia alihamishwa. Watu huniuliza kama alikuwa na mke kwao. Sijui, na sikutaka kujua. Ukishaona funza kwenye nyama hukai kuhesabu.

Sasa nisikilizeni, hasa nyinyi mabinti wa huku kwetu. Sikuja kuwaambia kondomu haifai. Kuna wanaosikia kisa changu wakasema, unaona, ni bora kutotumia. Huo ni upumbavu. Ikitumika inavyotakiwa inakinga mimba vizuri, nayo inakinga na maradhi. Lakini haikingi kila mara, hata mtengenezaji wake hasemi hivyo, na ikiguswa na mafuta hata iwe ya bei gani imekwisha. Kama unahitaji cha kulainisha, kiwe cha maji, uliza duka la dawa. Ukiona imechanika, usikubali iviringishwe kwenye karatasi. Nenda zahanati mapema, kuna msaada unaoweza kupewa ukiwahi. Na kama mimba itakuvunjia maisha, usitegemee mpira peke yake, muulize muuguzi njia ya pili ya kuongezea.

Zaidi ya yote, jifunzeni wenyewe. Nawasihi! Msimwachie mwanaume elimu ya miili yenu eti kwa kuwa ana cheti, ana pikipiki ya ofisi, ana sauti nzuri kwenye spika. Mtu anayekwambia "haya niachie mimi" muulize swali la pili, na la tatu. Mimi niliuliza moja nikaishia hapo.

Na nyinyi akina baba, binti yako akikwambia ukweli, hata kama unakuchoma, usikimbilie kumwamini anayeongea vizuri. Baba yangu amenirudia, ila ule mwaka hatutaupata tena. Hakumwona mjukuu wake akianza kutambaa, ingawa walikuwa nyumba moja. Mpaka leo hajarudi benchi la mbele kanisani. Anasema aliondoka kwa kiburi, acha akae nyuma.

Mimi bado nauza mise, na bado inanichefua. Kila mteja kijana anayenunua, awe wa kike au wa kiume, namwambia mafuta haya ni ya ngozi na nywele tu. Wengine wanacheka, wengine wanaona haya. Nawaambia hivyohivyo.

Mwanangu anaitwa Nyamwiza. Ni jina la mama yake baba, na alipewa palepale gulioni Muyama, mbele ya watu wote, na babu yake mwenye mikono ya mafuta.